Kitabu kimoja, tarehe tatu: kusoma hakimiliki ya vitabu vilivyowekwa kidijitali

Msomaji wa Dodoma akifungua HathiTrust, maktaba ya kidijitali ya mtandaoni, kutafuta kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Ulaya miaka mia na zaidi iliyopita, huweza kukuta maneno "Limited (search only)". Ataambiwa neno analolitafuta liko ukurasa gani na limetokea mara ngapi, ila ukurasa wenyewe hatauona. Mwenzake aliyeko Boston anafungua rekodi hiyohiyo, saa hiyohiyo, akakuta "Full view" na kusoma kitabu chote.

Wa Dodoma huondoka akiamini kwamba kitabu bado kina hakimiliki huku kwetu. Mara nyingi si kweli. Alichokiona kwenye kioo ni kufuli la maktaba, nalo hufungwa kwa tahadhari. Hali ya kitabu kisheria ni jambo jingine, na mwenye tarehe mbili mkononi anaweza kuihesabu mwenyewe: mwaka aliofariki mwandishi na mwaka kitabu kilipochapwa mara ya kwanza. Inaumiza kuona maandishi ya mababu zetu yakiwa wazi kwa mgeni na yamefungwa kwa mwenye lugha, kwa sababu tu hakuna aliyefanya hesabu hiyo.

Kufuli linavyofungwa

HathiTrust iliundwa mwaka 2008 na vyuo vikuu vya Marekani. Seva zake zinasimamiwa na Chuo Kikuu cha Michigan, na ndani yake mna nakala zaidi ya milioni 17, nyingi zikiwa zimeskaniwa na Google katika mradi ulioanza 2004. Kwa wingi huo, haiwezekani mtu akae akague kitabu kimoja kimoja. Kazi ya kwanza hufanywa na kompyuta: inasoma rekodi ya katalogi, inatazama nchi ya uchapishaji na mwaka, kisha inakipa kitabu alama. Alama ya "pd" ina maana kitabu ni mali ya umma na kiko wazi kwa kila mtu. "pdus" ni wazi kwa aliyeko Marekani tu, na mfumo humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya kifaa chake. "ic" ni kitabu chenye hakimiliki, na "und" ni kile ambacho hali yake haijajulikana.

Vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili vilivyochapwa London, Berlin au Göttingen hunaswa kwenye "pdus". Chanzo ni kwamba Marekani hupima vitabu vya zamani kwa mwaka wa kuchapwa, ambao katalogi inao, wakati nchi nyingi nyingine hupima kwa mwaka wa kifo cha mwandishi, ambao mara nyingi katalogi haina. Mtu aliyeandika kitabu mwaka 1903 akiwa na miaka 25 angeweza kuishi hadi 1965, na Ulaya, ambako ulinzi ni miaka 70 baada ya kifo, kitabu chake kingelindwa hadi mwisho wa 2035. Kompyuta haijui kama aliishi hadi 1965 au alifariki 1917, kwa hiyo inafunga.

Kinachoweza kufungua kufuli hilo ni binadamu. Tangu 2008 HathiTrust ina mpango wa kukagua hakimiliki ambao umepitia mamia ya maelfu ya vitabu. Kila kitabu hupewa wakaguzi wawili wanaofanya kazi bila kuonana majibu. Wakikubaliana, jibu linaingia kwenye mfumo, na wakitofautiana, mtaalamu wa tatu huamua. Kitabu kinachosumbua zaidi ni kile chenye vitu vya watu wengine ndani yake: picha iliyoazimwa, shairi la mtu mwingine, ramani ya shirika fulani. Hapo hata kama mwandishi mkuu alifariki zamani, mkaguzi hulazimika kukiacha bila jibu, kwa kuwa kila kipande kina mwenyewe na kina tarehe yake.

Hesabu ya huku kwetu

Tanzania Bara inafuata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, chini ya ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA, kwa sababu hakimiliki si jambo la Muungano. Kenya ina sheria ya 2001 chini ya bodi yake ya hakimiliki, KECOBO, na Uganda ina ya 2006. Kwa kitabu cha kawaida chenye mwandishi anayejulikana, Tanzania Bara, Kenya na Uganda zinatumia kipimo kimoja: uhai wa mwandishi, kisha miaka 50. Kongo ya Kinshasa nayo, kwa sheria yake ya 1986, inatoa 50.

Miaka hiyo haianzii siku ya mazishi. Huanza kuhesabiwa 1 Januari ya mwaka unaofuata kifo. Kwa hiyo mwandishi aliyefariki Februari 1962 na aliyefariki Novemba 1962 wanaachia siku moja: ulinzi unakwisha 31 Desemba 2012 na kitabu ni cha umma kuanzia 1 Januari 2013. Kitabu cha waandishi wawili huhesabiwa kwa yule aliyefariki wa mwisho. Kisicho na jina la mwandishi, au chenye jina la kubuni ambalo mwenyewe hajulikani, hupewa miaka 50 tangu kuchapwa.

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa miaka 70 badala ya 50. Oman pia, tangu sheria yake ya 2008. Ndiyo maana jibu la Mswahili wa Muscat linaweza kutofautiana na la ndugu yake wa Tanga.

Hesabu ya Marekani

Sheria ya Marekani ni ngumu kuliko zote hizo, na haikwepeki, kwa sababu HathiTrust, Google Books na Internet Archive (nayo ni maktaba ya kidijitali) zote ziko huko.

Kwa vitabu vilivyochapwa kabla ya 1978, kipimo kirefu ni miaka 95 tangu kuchapwa. Kitabu cha 1930 ulinzi wake unaisha 31 Desemba 2025, cha 1931 kinafunguka 1 Januari 2027, na kuendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Tarehe ya kifo haiingii kabisa kwenye hesabu hii.

Kuna mlango wa ziada, ila ni kwa vitabu vilivyochapwa kwanza Marekani kwenyewe. Kwa vile vya kabla ya 1964, mwenye haki alitakiwa kuomba upya katika mwaka wa 28, na asipoomba kitabu kilikuwa cha umma. Wengi hawakuomba. Maombi yaliyofanywa yameorodheshwa, na Chuo Kikuu cha Stanford kina orodha ya vitabu inayotafutika kwenye mtandao.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mtu anatafuta kitabu kilichochapwa Nairobi au London mwaka 1950 kwenye orodha ya Stanford, hakioni, anasema: "Hakikuombewa upya, basi ni huru." Hapana. Kuanzia 1 Januari 1996 Marekani ilirudisha ulinzi kwa vitabu vya nchi za nje ambavyo siku hiyo bado vilikuwa na hakimiliki kwao, hata kama havikuwahi kuombewa chochote. Kenya ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania 1994, hivyo vitabu vyetu vimo katika kundi hilo. Kutokuwemo kwenye orodha ya Stanford kunathibitisha kitu kwa kitabu cha New York, na hakuthibitishi chochote kwa kitabu cha Nairobi.

Kusadikika kwenye mizani

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kusadikika kilichapwa London na kampuni ya Nelson mwaka 1951. Tarehe hizo mbili zinatosha.

Tanzania Bara: 1962 ongeza 50, ulinzi umekwisha 31 Desemba 2012. Kenya na Kongo jibu ni hilohilo. Uingereza, ambako kitabu kilichapwa kwanza: 1962 ongeza 70, kinalindwa hadi 31 Desemba 2032. Oman nayo ni 2032. Marekani: mwaka 1996 kitabu kilikuwa bado na ulinzi Uingereza, kwa hiyo hesabu ni 1951 ongeza 95, na kitafunguka huko 1 Januari 2047.

Riwaya hiyohiyo, bila neno kubadilika, ni mali ya umma Dar es Salaam, ina mwenyewe London, na ina mwenyewe kwa muda mrefu zaidi Chicago. Kwa hiyo swali "je, kitabu hiki kina hakimiliki?" halijibiki mpaka uulize: wapi? Utubora Mkulima kilitoka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hesabu ya Marekani kitabu hicho kinasogea hadi mwisho wa 2063, ilhali mkono ulioandika ni mmoja.

Matokeo yake ni ya vitendo. Shule ya Morogoro inaweza kuchapa upya Kusadikika cha 1951 na kuwagawia wanafunzi. Ila mtu akikipandisha kwenye Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya faili huru, kitaondolewa, kwa kuwa hazina hiyo inataka kitabu kiwe huru Marekani na pia katika nchi kilikochapwa kwanza, na kwa kitabu hiki masharti yote mawili hayajatimia. Atakayekiweka kwenye seva iliyoko Marekani atakuwa chini ya sheria ya Marekani hata kama wasomaji wake wote wako Iringa.

Tabaka ndani ya jalada moja

Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, ni mfano mwepesi. Mtoro alifariki 1927, Velten 1935. Ujerumani miaka 70 ya Velten iliisha na mwaka 2005, huku kwetu 50 yake iliisha kitambo, na Marekani 95 tangu 1903 imepita. Lakini tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka California mwaka 1981 na bado inalindwa. Ukiskani tafsiri hiyo kwa hoja kwamba "kitabu ni cha 1903", umekosea, maana mfasiri ana haki yake mwenyewe juu ya maneno aliyoyaandika.

Ndivyo ilivyo kwa matoleo mapya ya vitabu vya kale. Utangulizi wa profesa, maelezo ya chini ya ukurasa, faharasa ya msamiati na picha ya jalada, kila kimoja kina mwenyewe. Matini ya mwandishi wa zamani inabaki huru katikati ya vitu vilivyofungwa. Kwa hiyo anayetaka kuskani atafute chapa ya zamani kabisa, na kama hakuna, aache nje kila kilichoongezwa. Usidanganywe na mwaka mkubwa ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Pale huandikwa mwaka wa toleo la kwanza pamoja na miaka ya kupigwa chapa tena, na chapa tu, bila kuongeza kitu, haianzishi ulinzi mpya.

Miswada ya mkono ina mtego wake. Sheria ya Uingereza iliyaacha maandishi mengi ambayo hayakuwa yamechapwa hadi 1989, na ambayo mwandishi wake alifariki kabla ya 1969, yakilindwa mpaka 31 Desemba 2039. Hata barua ya karne ya 18 inaweza kuangukia humo. Anayefanya kazi na miswada ya tenzi iliyohifadhiwa London aulize hilo kwanza kabla ya kuchapa picha za kurasa.

Ripoti za serikali ya kikoloni zilizochapwa na mchapaji wa serikali ya Uingereza ni rahisi zaidi: ulinzi wake huko ni miaka 50 tangu kuchapwa. Ripoti ya mwaka 1938 iliachiwa tangu mwisho wa 1988.

Kuskani hakuzai haki mpya

Mashine ikipiga picha ya ukurasa kwa uaminifu, hakuna kilichobuniwa. Mahakama ya Marekani ilisema hivyo kuhusu picha za michoro ya zamani mwaka 1999, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza imeelekea hukohuko mwaka 2023. Alama ya maktaba chini ya ukurasa wa kitabu cha 1891 haiirudishi hakimiliki. Hata hivyo maktaba inaweza kuweka masharti ya matumizi ya tovuti yake. Google huomba skani zake zisitumike kibiashara, na HathiTrust huwaachia wanachama wa vyuo shirika kupakua PDF nzima ya vitabu vingi vilivyoskaniwa na Google, wakati msomaji wa nje anachukua ukurasa mmoja mmoja. Hayo ni makubaliano kati ya tovuti na mtumiaji, na yasichanganywe na hakimiliki.

Kuna hukumu tatu za Marekani ambazo zinaeleza kwa nini kioo kinaonyesha kinachoonyesha. Mwaka 2014 mahakama ya rufani iliikubalia HathiTrust kuskani vitabu vyenye hakimiliki ili watu watafute maneno ndani yake, na ili wasioona wasomewe. Mwaka 2015 mahakama hiyohiyo iliikubalia Google kuonyesha vipande vidogo. Septemba 2024 iliikataza Internet Archive kuazimisha skani za vitabu vya wachapishaji waliokishtaki chombo hicho, ingawa kila nakala iliazimwa kwa mtu mmoja kwa wakati. Vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye uazimaji. Hukumu hiyo haikugusa mali ya umma. Na kuwemo kwa kitabu Internet Archive si ushahidi kwamba ni huru, kwani watu binafsi hupandisha humo faili zao bila kukaguliwa kwanza.

Kwa wasioona na wasioweza kusoma chapa, njia ni nyingine kabisa. Mkataba wa Marrakesh unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za nukta nundu au za sauti bila kumwomba mwenye haki, na kupelekeana nakala hizo kati ya nchi wanachama. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020.

Ukitaka kukiweka kitabu wazi wewe mwenyewe

Anza na picha ya ukurasa wa jina na ya mgongo wake. Tafuta mwaka wa kifo cha mwandishi katika katalogi za maktaba kubwa za taifa, si kwenye tovuti moja tu, maana majina ya Kiswahili hufanana na miaka huchanganywa. A. C. Madan, mwandishi wa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1903, alifariki 1917: ukishalijua hilo, kamusi yake iko wazi kwa kipimo cha 50, cha 70 na cha 95.

Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 au zaidi. Kamusi na maandishi madogo yanataka 400, la sivyo programu ya kutambua herufi itasoma "rn" kama "m" na vitone vitapotea. Hifadhi nakala mama kwa TIFF, aina ya faili ya picha isiyopoteza ubora, kisha toa PDF ya kusomea. Tesseract, programu ya bure ya kutambua herufi, ina data ya Kiswahili. Ukiiacha kwenye Kiingereza italazimisha maneno yetu yafanane na ya Kiingereza na utapata uchafu. Kwa miswada ya herufi za Kiarabu usitegemee programu, andika kwa mkono. Na unapotafuta ndani ya vitabu vya kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930, jaribu pia "killa", "hatta", "khabari", "Suahili" na "Suaheli". Kitabu kinaweza kuwemo na usikione kwa sababu ya tahajia tu.

Halafu weka alama sahihi. Kitabu ambacho tayari ni cha umma hupewa alama ya mali ya umma ya Creative Commons, shirika linalotoa leseni huria. Leseni yao ya CC BY, inayoruhusu matumizi kwa sharti la kumtaja mwenye kazi, haifai, kwa sababu inatolewa na mwenye haki, na aliyeskani hana haki ya kutoa. Andika kwenye maelezo ya faili mwaka wa kuchapwa, mahali, mwaka wa kifo na nchi ambayo umeifanyia hesabu. Anayekuja baada yako ataweza kuihakiki hesabu bila kuanza upya. Jina la mwandishi libaki palepale, na matini isiguswe. Ukisahihisha kosa la chapa, liseme.

Kuomba kitabu kifunguliwe

Rekodi ya HathiTrust iliyofungwa kimakosa inaweza kukaguliwa upya kwa ombi. Tumia fomu yao ya maoni, taja namba ya rekodi, mji na mwaka wa kuchapwa, mwaka wa kifo pamoja na mahali ulipoupata, na useme wazi kwamba uko nje ya Marekani. Bila kusema hivyo mhudumu atafungua rekodi akiwa kwake, ataona "Full view", na atakujibu kwamba hakuna tatizo.

Kitabu ambacho muda wake haujaisha kinaweza kufunguliwa na mwenye haki mwenyewe. Mwandishi aliye hai au warithi wanaweza kusaini fomu ya ruhusa na kuchagua leseni ya Creative Commons, na kitabu kikawa wazi kwa dunia nzima. Tatizo huwa kujua nani hasa mwenye haki. Familia nyingi huamini ni zao, kumbe mkataba wa miaka ya 1970 ulimpa mchapishaji kila kitu. Nyingine huamini zilimpa mchapishaji, kumbe mkataba una kifungu kinachorudisha haki kwa mwandishi kitabu kikiacha kuchapwa. Mkataba utafutwe kwanza. Ukionekana una kifungu hicho, familia imwandikie mchapishaji, au aliyeinunua kampuni hiyo, impe muda uliotajwa kwenye kifungu wa kupiga chapa upya, na muda ukipita idai barua inayokiri kwamba haki zimerudi. Barua hiyo ikishapatikana, ndipo fomu isainiwe.